Tunaimba Nini?

Somo la Mwezi



Katika kumbi za arusi hapa Mwanza ni nadra kukosa wimbo "Malaika" maharusi wanapoingia. Sisi hatuna ugomvi na wimbo huo, maana ni mtamu. Lakini hebu tutege sikio tusikie unasema nini. Ni malalamiko ya kijana maskini anayempenda msichana wala hawezi kumwoa, kwa sababu hana mali. Arusi haimo kabisa katika wimbo ule. Fadhili William wa Kenya aliurekodi na kuufanya ujulikane, Miriam Makeba akaupeleka mbali duniani, na habari ya nani aliyeutunga kwanza imebishaniwa miaka mingi. Basi sisi twamwimbia bwana arusi aliyekwisha kutoa ng'ombe wake wote, tena mbele ya wakwe zake, wimbo wa mtu aliyeshindwa mahari! Wazee waliowahesabu ng'ombe hao zizini wangecheka sana.

Hilo ni la kuchekesha, lakini yapo mengine yasiyochekesha. Mwaka 1983 kundi la Waingereza liitwalo The Police lilitoa wimbo "Every Breath You Take". Watu wengi waliuchukua kuwa wimbo wa mapenzi, na wengine wakauchagua kwa siku ya arusi yao. Mtungaji wake, Sting, amesema mara nyingi kwamba hilo humshangaza, kwa maana yeye aliandika juu ya mtu mwenye wivu, anayemchungulia mwanamke aliyeachana naye na kutaka kujua kila hatua yake. Mwanamke yeyote aliyewahi kufuatwa njiani na mtu wa namna hiyo atauelewa upesi kuliko wacheza dansi.

Na sisi wa kanda ya Ziwa tumecheza Kilingala tangu zamani bila kukijua. Mwaka 1978 Franco Luambo, kiongozi wa TPOK Jazz, alifungwa gerezani huko Kinshasa kwa ajili ya nyimbo mbili zenye maneno machafu, "Hélène" na "Jackie". Mtu asiyejua lugha angeweza kuzicheza nyumbani mbele ya watoto wake na mama mkwe wake pia, asione haya hata kidogo. Hatusemi haya ili kulaumu muziki wa dansi. Twataka kuonyesha jinsi sauti tamu inavyoingia ndani kama mgeni aliyevaa vizuri, wala hakuna amwulizaye amebeba nini mfukoni.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya jambo hili (1 Wakorintho 14). Yeye hataki roho iimbe huku akili imelala. Alikuwa akisema juu ya lugha ngeni katika ibada, lakini twaona ya kwamba lugha yetu wenyewe yaweza kuwa ngeni vilevile tukiwa tumeizoea mno.

Sasa tuje kwenye mfano ulio karibu zaidi na kanisa. Wengi wetu twaukumbuka wimbo "Rivers of Babylon" wa kundi la Boney M., uliotoka mwaka 1978. Ulipigwa redioni, kwenye baa na kwenye mabasi, na wakristo waliufurahia kwa kuwa waliitambua Zaburi. Kwanza uliimbwa na Wajamaika wa kundi la The Melodians mwaka 1970. Maneno yake yametoka mwanzo wa Zaburi ya 137, yakaunganishwa na mwisho wa Zaburi ya 19, yaani yale ambayo wahubiri wengi huyaomba kabla ya kuhubiri. Ni mchanganyiko mzuri, wala hatuna neno juu yake. Walakini fungueni Zaburi ya 137 mwisome hadi mwisho. Katika mstari wa tisa, ambao ni wa mwisho, mwimbaji yuleyule aliyekuwa akilia mtoni anamtakia heri mtu atakayewaua watoto wachanga wa Babeli kwa kuwabamiza mwambani.

Mstari huo hauchezwi dansi. Na si wanamuziki tu waliouruka. Katika Kitabu cha Sala cha mwaka 1662 Zaburi hii imepangwa kusomwa nzima katika Sala ya Jioni ya tarehe 28 ya kila mwezi. Lakini katika mapendekezo ya mwaka 1928 huko Uingereza mistari yake ya mwisho ilitiwa mabano, ili wanaotaka wasiisome. Ndugu zetu Wakatoliki nao waliiondoa katika kitabu chao cha Sala za Vipindi baada ya Mtaguso wa pili wa Vatikani. Twaelewa sababu. Ni vigumu kuwapa wanakwaya watoto maneno kama hayo.

Lakini sisi twaona kuna hasara kubwa katika kuyaficha. Someni 2 Wafalme 25. Yerusalemu ulipoanguka, wana wa mfalme Sedekia waliuawa mbele ya macho yake, kisha macho hayohayo yakapofushwa, ili kitu cha mwisho alichokiona duniani kiwe vifo vya watoto wake. Watu waliopelekwa Babeli walikuwa wametoka katika mambo ya jinsi hiyo. Tena waliambiwa na waliowateka wawaimbie nyimbo za kwao kwa kujifurahisha. Yaani walitakiwa wafanye yale tufanyayo sisi na santuri ya Boney M.! Ndipo uchungu ukatoka. Mwimbaji hakuchukua panga akaenda kutafuta mtoto wa Mbabeli. Alimwambia Mungu jambo baya kuliko yote lililokuwa moyoni mwake, akaliacha hapo. Haikuandikwa kwamba Mungu alilikubali. Mtu aliyefiwa kwa mkono wa mwenziwe, akija kanisani na kukuta kwamba humo huimbwa maneno ya upole tu, atadhani hasira yake haina mahali mbele za Mungu, naye ataipeleka mahali pengine.

Tusijidai basi kuwa ni nyimbo za dunia pekee zenye maneno ya kuogofya. Mgeni asiyejua imani yetu akiingia kanisani atatukuta tukiimba kwa furaha juu ya kuoga katika chemchemi ya damu. Wimbo huo ni wa William Cowper, ulichapwa Uingereza mwaka 1779 katika kitabu alichokiandika pamoja na John Newton, na mfano wake umetoka Zekaria 13. Cowper alikuwa mgonjwa wa huzuni nzito, aliyejaribu kujiua zaidi ya mara moja, akatunzwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili. Aliandika kama mtu aliyekwisha kuzama. "Tukutendereza Yesu" nao, wimbo wa Uamsho ulioenea Afrika Mashariki tangu miaka ya 1930, husifu damu inayosafisha. Wazee wa Uamsho waliuimba baada ya mtu kusimama na kuungama dhambi zake mbele ya wote, wizi kwa jina lake na uzinzi kwa jina lake. Siku hizi twaupiga makofi kuwakaribisha wageni rasmi.

Hata hivyo maneno ya kutisha hayafanani yote. Biblia ina wimbo mmoja wa furaha uliozaa shari. Someni 1 Samweli 18. Wanawake walitoka na matari na ngoma kuwapokea Sauli na Daudi, wakiimba hesabu ya waliouawa na kila mmoja. Ulikuwa wimbo wa mitaani, mwepesi wa kushika, na bila shaka watoto waliurudia. Sauli akausikia, akafanya hesabu yake, na kesho yake akarusha mkuki.

Twaandika haya tukiwa na jambo la hapa kwetu moyoni. Ndugu zetu Wajaluo wa pande zote za Ziwa, toka Rorya hata Kisumu, wana wimbo maarufu wa kumbembeleza mtoto, unaomwambia kwamba mtoto aliaye ataliwa na fisi. Kina mama wameuimba vizazi vingi, na watoto wamelala salama. Waingereza wao humwimbia mtoto wao kwamba tawi litakatika na kitanda kitaanguka naye ndani. Mama aimbapo hivyo amechoka, ni usiku, na mtoto hajui maneno ila sauti ya mama tu. Hapo hatuoni ubaya.

Lakini huku Usukumani fisi si mnyama tu. Mtoto akikua huambiwa kwamba fisi ana mwenyewe, kwamba wachawi humpanda usiku. Na mwenyewe huyo hutafutwa wapi? Kwa kikongwe mjane anayeishi peke yake, mwenye macho mekundu. Macho hayo yameharibiwa na moshi, kwa kuwa kuni ni haba naye amepika miaka mingi kwa kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa kushukiwa uchawi, wengi wao wanawake, na zaidi ya nusu ya wote waliuawa katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga peke yake. Na mauaji ya vikongwe hayakuisha mwaka huo wa 1984. Waliouawa walikuwa na wajukuu, na wengine walikuwa washiriki wa makanisa.

Basi tukisikia watoto wakimfuata bibi kizee njiani na wimbo wa kumcheka kwamba ana fisi wake, tusiseme ni mchezo wa watoto. Zaburi ya 137 ni kilio cha mnyonge juu ya mwenye nguvu, nacho chaambiwa Mungu. Wimbo huo wa njiani ni wa wengi juu ya mmoja asiye na mtetezi, nao waambiwa kijiji kizima. Hata kama wa kwanza una maneno makali mara kumi kuliko wa pili, sisi twaruhusu ule wa kwanza uimbwe, na huu wa pili twawaomba wazazi waukomeshe siku hiyohiyo, na mmoja wao aende kwa yule bibi, akae naye barazani mbele ya watu.

Tena kuna nyimbo za kuogofya ambazo tulipaswa kuzisikiliza mapema zaidi. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi katika nchi yetu walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, ng'ambo ya Ziwa letu. Mwaka 1987 Franco, yuleyule aliyefungwa kwa maneno machafu, alitoa "Attention na Sida", wimbo mrefu wa kuonya juu ya ugonjwa huo, na wengi waliucheza kama walivyocheza nyingine. Mwaka 1989 Philly Lutaaya wa Uganda alitangaza wazi kwamba yeye anao, wakati watu walipokuwa wakizikana kwa kunong'ona, akaimba juu ya upweke na hofu yake. Alizunguka shuleni na makanisani akisema na vijana, na mwezi Desemba mwaka huo akafa. Wako waliosema kwamba wimbo wake haufai kanisani kwa kuwa unahuzunisha mno.

Zaburi ya 88 yahuzunisha kuliko huo. Mgonjwa anamlilia Mungu tangu ujana wake, rafiki zake wamemwacha, na neno la mwisho kabisa ni giza. Kitabu cha Sala cha 1662 kimeipanga kwa jioni ya Ijumaa Kuu.

Kwa mikutano ya nyumbani mwezi huu twawaomba msome Zaburi zote mbili, ya 137 na ya 88, kisha 1 Samweli 18 mstari wa 6 hadi wa 11. Msomaji asiruke mstari wowote. Baada ya kusoma, kaeni kimya kidogo kabla ya mtu yeyote kuanzisha pambio.