Padri Kapaun Kati ya Mateka

Mtu aliyetekwa vitani hunyang'anywa silaha, chakula na uhuru. Je, amebakiwa na nini? Sikilizeni habari za Padri Emil Kapaun.

Alizaliwa mwaka 1916 huko Kansas, Marekani, mwana wa wakulima. Mwaka 1950 alikwenda vitani Korea, awe padri wa askari. Tarehe 2 Novemba adui waliwazingira karibu na Unsan. Padri angaliweza kukimbia, lakini hakukubali kuwaacha majeruhi. Alipoona askari wa adui akimwelekezea bunduki Mmarekani aliyevunjika mguu, aliisukuma kando bunduki ile, akamwinua majeruhi, akambeba.

Walifungwa katika kambi ya Pyoktong, karibu na mto Yalu. Baridi ilikuwa kali, chakula kidogo mno; wengi wakafa. Padri alitwaa mabati, akayaponda kwa mawe yakawa vyungu, akachemshia wagonjwa maji. Alifua nguo za wenye kuhara. Alinyemelea ghala ili kutafuta nafaka, akiisha kumwomba yule mwivi mwema aliyesulibiwa pamoja na Yezu. Msidhani kwamba wizi ni halali: watu wale walikuwa wakifa kwa njaa, na mwenye njaa ya kufa ana haki ya kula. Siku ya Pasaka ya mwaka 1951 aliwakusanya wenzake, wakasali mbele ya macho ya walinzi.

Baadaye aliugua. Walinzi wakamwondoa kwa wenzake, naye akafa tarehe 23 Mei 1951, mwenye umri wa miaka 35. Mwaka 1953 mateka waliofunguliwa walitoka na msalaba wa mti. Aliyeuchonga alikuwa mfungwa Myahudi, ambaye hakupata kumwona Padri. Alisikia tu sifa zake kwa wenzake. Mwaka 2025 Kanisa lilimtangaza Padri kuwa Mtumishi Mheshimiwa wa Mungu.

Basi, adui aweza kufunga mikono. Mapendo hawezi kuyafunga. Ushujaa wa Padri ulikuwa kumtazama mwenzake kabla ya kujitazama mwenyewe. Nanyi, siku ya taabu, msiulize kwanza, "Nani atanisaidia?" Ulizeni, "Nani karibu nami ana shida kuliko mimi?"

Maulizo
1. Kwa nini Padri hakukimbia?
2. Aliwatumikiaje wagonjwa?
3. Ni nani kijijini mwako anayengoja msaada wako?