Familia ya Aliyeuawa na Afisa Mpelelezi

Jamaa yako akiuawa nchini Kenya, hakikisha una nambari ya OB pamoja na jina na simu ya afisa mpelelezi. Tunashauri familia iteue msemaji mmoja. Wakienda kumi, kila mmoja hurudi na habari zake. Msizike kabla ya upasuaji wa maiti, hata wazee wakihimiza: kufukua kaburi huhitaji amri ya mahakama. Sheria ya Kuwalinda Waathiriwa ya 2014 inawapa haki ya kuarifiwa kuhusu kesi, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba mwathiriwa aweza kushiriki kesi ya mauaji kupitia wakili. Mkiombwa pesa za mafuta ya gari, kataeni kwa adabu; upelelezi haulipiwi. Malalamiko hayo hupokewa na IPOA.