Msuli wa Mkono na Kipimo cha Shinikizo la Damu

Anayenunua mashine ya kupimia shinikizo la damu nyumbani aghalabu huuliza bei, akausahau mkanda. Tunamshauri auanzie mkono wake mwenyewe.

Mbele ya mkono, kati ya bega na kiwiko, umo msuli wa baisepsi. Una vichwa viwili vinavyoanzia kwenye mfupa wa bega. Huungana, kisha hushikamana kwa kano na mfupa wa kigasha ulio upande wa kidole gumba. Hukunja kiwiko na kukigeuza kiganja kielekee juu. Kando yake, upande wa ndani, hupita ateri kuu ya mkono. Ateri hiyo ndiyo inayobanwa na mkanda wakati wa kupima.

Kwa hiyo tunashauri:

1. Kabla ya kununua, pima mzunguko wa mkono katikati ya bega na kiwiko, ulinganishe na sentimita zilizoandikwa kwenye mkanda. Mkanda mdogo mno huonyesha shinikizo kubwa kuliko lililopo; mkubwa mno huonyesha dogo.

2. Funga mkanda juu ya ngozi, sentimita 2 hadi 3 juu ya mkunjo wa kiwiko, alama ya ateri ikiwa upande wa ndani.

3. Pumzika dakika 5, kisha egemeza mkono mezani, mkanda ukiwa usawa wa moyo. Msuli uliokazwa hupotosha kipimo.

Muuzaji asipokuwa na mkanda unaokufaa, usinunue. Kipimo kisicho sahihi chaweza kumwogopesha mzima na kumtuliza mgonjwa. Wala usibadili dawa bila kumwona daktari.