Mkopeshaji Asimame Nje

Somo: Kumbukumbu la Torati 24:10–13



Sheria ya Musa ilimkataza mkopeshaji kuingia nyumbani mwa mdeni kutwaa rehani. Alitakiwa asimame nje, mdeni amletee mwenyewe. Na ikiwa rehani ni nguo ya kujifunika ya maskini, irudishwe jua likichwa. Sisi tuujuao usiku wa Julai hapa Lushoto twaelewa kwa nini. Deni lilibaki deni, lakini heshima ya mtu ililindwa.

Leo mikopo huombwa kwa simu, kwa njia ya programu, yaani maagizo yaliyoandikwa na wataalamu ili simu iyafuate. Baadhi ya programu hizo huomba ruhusa ya kusoma namba zote zilizomo simuni. Mkopaji akichelewa kulipa, ndugu, jirani na hata mwajiri wake hupelekewa ujumbe wa kumwaibisha. Huko ndiko kuingia nyumbani mwa mdeni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Tusiseme, “Ni mashine tu.” Mashine haina aibu wala huruma, yupo mtu aliyeamua isome namba hizo.

Wapo pia waliotangulia kuwasikiliza watu. Mwaka 2005 M-Pesa ilianza kujaribiwa Kenya kwa ajili ya kulipa mikopo midogo. Wataalamu wakaona watu wanaitumia kupelekeana fedha. Wakaigeuza ifuate haja hiyo, nayo ikazinduliwa mwaka 2007. Tanzania ilifika mwaka 2008. Hivyo mama aliyeko Mlalo aweza kupokea fedha za mwanawe aliyeko Tanga pasipo kupanda basi.

Basi vijana wetu wanaosomea kompyuta wajifunze kuuliza mapema: kazi hii itamfanya nini aliye dhaifu? Nasi wengine, kabla ya kukubali ruhusa, tusome kinachoombwa, maana namba za jirani si mali yetu kuzitoa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo yatulinda.

Maswali ya kujadiliana

1. Mkopeshaji ana haki gani, na mpaka wake ni upi?
2. Jirani akiaibishwa kwa ujumbe uliofika kwenye simu yako, utamtendeaje?
3. Ni nani katika mtaa wetu asiyeweza kusoma masharti ya simu, na nani atamsaidia?