SOMO LA MALISHO: Kuirudishia Ardhi Kavu Nyasi Zake

Katika mashamba mengi ya nchi kavu, kama Makueni, Kajiado na Baringo, kuna sehemu ambayo mwenyewe ameikatia tamaa. Ni nyekundu, ngumu kama sakafu, haina hata unyasi mmoja. Mkulima husema, "Mvua ikinyesha itapona yenyewe." Miaka hupita, mvua hunyesha, na mahali pale hubaki vile vile. Somo la mwezi huu laeleza sababu yake, na kazi impasayo mwenye shamba.

Kwa nini ardhi tupu haiponi yenyewe

Matone ya mvua yapigapo udongo usio na majani, udongo hushikamana ukafanya gamba. Maji hayaingii, bali huteremka upesi, yakichukua udongo wa juu pamoja na mbegu chache zilizosalia. Basi shida si uchache wa mvua peke yake. Shida ni kwamba hata hiyo mvua kidogo haikai shambani. Ukimwaga mbegu juu ya gamba hilo, umezitupa.

Hasara yake twaijua. Mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, tangu mwisho wa 2020 hata mwanzo wa 2023, mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa katika nchi yetu. Mwenye akiba ya nyasi alikuwa na nafuu kuliko asiye nayo.

Chagua nyasi za kwetu

Ziko nyasi za asili zilizozoea jua letu. Wakamba wazijua vema: nguu, ambayo huota upesi na kufunika ardhi, mbeetua, ipendwayo sana na ng'ombe, na ndata kivumbu, yenye mizizi mirefu ivumiliayo ukame. Afadhali kuzichanganya, maana moja ikishindwa nyingine itasimama.

Jihadhari na mimea ya kigeni isiyojulikana tabia yake. Mathenge ililetwa Baringo mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kuleta kuni na kuzuia upepo. Leo imefunga malisho mengi kwa miiba, na nyasi hazistawi chini yake. Lakini huko huko Baringo, tangu 1982, mashamba yaliyokuwa tupu yalizungushiwa ua yakapandwa nyasi, na wenyeji wakapata malisho na mbegu za kuuza.

Kazi yenyewe

1. Funga mahali hapo kwa boma la miiba. Anza na nusu eka unayoweza kuilinda, usianze na eka kumi.

2. Kabla ya mvua, vunja gamba kwa plau au jembe. Piga mifereji ya kina cha shubiri moja, ikikingama mteremko, wala isifuate mteremko. Hiyo ndiyo itakayoyashika maji.

3. Panda udongo ungali mkavu, mvua ikiwa karibu. Katika Ukambani mvua za Oktoba hata Desemba ndizo za kutegemewa zaidi.

4. Kilo 2 za mbegu zatosha eka moja. Mbegu ni nyepesi, basi zichanganye na mchanga mkavu ili zienee sawasawa kando ya mifereji.

5. Zifunike kidogo tu, kwa kukokota tawi la mti juu yake. Mbegu iliyozikwa zaidi ya sentimita moja au mbili haina nguvu ya kutokeza.

Mbegu mpya hazioti vema

Wengi huvuna mbegu wakazipanda mara moja, kisha hulaumu mbegu. Mbegu za nyasi hizi hulala kwanza. Ziweke katika gunia, mahali pakavu penye kivuli na hewa, muda wa miezi sita au zaidi. Kisha jaribu mbegu 100 juu ya kitambaa chenye maji, uhesabu zilizoota baada ya majuma mawili.

Msimu wa kwanza ni wa kungoja

Hapa ndipo wengi huharibu kazi. Nyasi zikionekana kijani, ng'ombe hufunguliwa, nao hung'oa mche pamoja na mzizi wake mchanga. Ziache zichanue na kudondosha mbegu. Baadaye kata nyasi kavu ukaziweke akiba, ukiacha mashina ya urefu wa sentimita 10. Mwaka wa pili lisha kwa kiasi: nusu kwa mnyama, nusu kwa ardhi.

Wamaasai tangu zamani hutenga olopololi, malisho ya ndama na ya mifugo dhaifu wakati wa kiangazi. Shamba lako nalo lastahili pahali kama hapo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mvua haiingii katika ardhi tupu?
2. Mifereji ipigwe kwa njia gani?
3. Mbegu zilizovunwa mwezi huu zipandwe lini?
4. Ni kosa gani liharibulo nyasi katika msimu wa kwanza?