Somo la Afya: Kupunguza Uzito Bila Kushinda Njaa



Tunapotembelea vikundi, kuna swali moja ambalo limetufuata kila mahali. Mtu anangoja mkutano uishe, halafu anatuita kando na kusema, "Kliniki wameniambia nipunguze mwili. Sasa niache nini? Ugali?" Somo la leo linajibu swali hilo. Mtu mmoja asome kwa sauti, wengine wasikilize, kisha mjadili maswali yaliyo mwishoni.

YALIYOMPATA MAMA MMOJA

Mama mmoja wa kikundi karibu na Kitale alipimwa akapatikana na ugonjwa wa sukari. Alipewa tembe na kuambiwa apunguze uzito. Namna ya kupunguza hakuelezwa. Jirani akamshauri: "Wacha ugali, wacha viazi, wacha chai. Asubuhi kunywa maji moto na ndimu, jioni kula kabichi ya kuchemsha. Wiki tatu tu, utakuwa msichana."

Mama alifuata. Wiki ya kwanza nguo zililegea, akafurahi sana. Wiki ya tatu, wakati wa palizi, alimeza tembe zake kama kawaida bila kutia chochote tumboni, akashika jembe. Kabla ya saa nne alianza kutetemeka. Jasho likamtoka, maneno yakaanza kumkwama. Wenzake walidhani ni malaria. Bahati nzuri mmoja alikumbuka zile dawa za sukari. Akamnywesha chai yenye sukari nyingi, kisha wakamkimbiza hospitali kwa boda boda.

Alipona. Lakini njaa ya wiki tatu ilikuwa bado inamdai. Alirudia chakula kwa pupa, na kufikia Krismasi kilo zote zilikuwa zimerudi, na mbili zaidi juu yake. Akatuambia, "Mimi nimeshindwa." Sisi tunasema hakushindwa yeye. Njia aliyoonyeshwa ndiyo ilikuwa mbaya.

JE, HII NI SHIDA YETU KWELI?

Wengine watasema kunenepa ni baraka. Tunaelewa wanatoka wapi. Wazee wetu walijua miaka ya njaa. Halafu ukimwi ukaingia, na jirani zetu wa Uganda wakauita "Slim" kwa sababu uliwakondesha watu. Hata leo mtu akipungua kilo chache watu wananong'ona. Kwa hiyo wengi wanaogopa kupungua kuliko wanavyoogopa presha.

Lakini tuangalie hesabu. Uchunguzi wa afya uliofanywa Kenya nzima mwaka 2015 ulikuta kwamba katika kila watu wazima 100, 27 walikuwa na uzito uliozidi. Kwa wanawake walikuwa karibu 39 katika 100, na kwa wanaume karibu 18. Uzito uliozidi unaongeza hatari ya presha, ugonjwa wa sukari na ugonjwa wa moyo, na unachosha magoti. Huo si uvivu wala aibu. Ni jambo la kushughulikiwa, kama vile tunavyoshughulikia mmomonyoko wa udongo.

Utajuaje kama umezidi? Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako kwa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huo huo. Mama mwenye kilo 80 na urefu wa mita 1.60 atapata kama 31. Kati ya 18.5 na 25 ni sawa. Kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 umezidi sana. Kama hakuna mzani, tumieni tepu ya fundi wa nguo. Kiuno cha mama kikizidi sentimita 88, au cha baba kikizidi 102, hatari ni kubwa.

KWA NINI NJAA HAISAIDII

Mtu akikatiza chakula ghafula, wiki ya kwanza mzani unashuka haraka. Kumbe sehemu kubwa ya kile kilichotoka ni maji. Akiendelea, mwili unaanza kula nyama yake pamoja na mafuta. Halafu mwili unajifunza ubahili: unatumia nguvu kidogo kuliko zamani, na hamu ya chakula inazidi. Mwili haujui kwamba unataka kupendeza kwenye harusi. Unadhani mvua imekosa.

Jambo hili lilichunguzwa zamani huko Marekani, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mwaka 1944 na 1945. Wanaume 36 wenye afya walijitolea kula chakula kidogo kwa muda wa karibu miezi 6, ili wataalamu wajue jinsi ya kuwasaidia watu waliokumbwa na njaa ya vita. Walikuwa wamekataa kwenda vitani kwa ajili ya dhamiri, na wengi walitoka katika makanisa ya amani, wakiwemo Marafiki, kanisa tunalolijua vizuri hapa Bungoma. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Walisikia baridi, walichoka, walikuwa na hasira na huzuni, na kutwa nzima waliwaza chakula tu. Waliporuhusiwa kula, wengi walikula bila kutosheka, na mafuta ya mwili yakazidi yale ya mwanzo.

Wale walikuwa vijana wenye nia thabiti, na bado njaa iliwashinda nguvu. Basi tusimlaumu mama wa Kitale.

Sisi watu wa vikundi tunaweza kulielewa jambo hili kwa mfano wa pesa. Kilo zinazotoka kwa njaa ni kama mkopo wa yule mtu anayeshika kitambulisho chako. Unapata haraka, lakini unarudisha na riba. Kilo zinazotoka polepole ni kama mchango wetu wa kila wiki. Ni kidogo, hakuna anayeushangilia, lakini mwisho wa mwaka upo.

Vivyo hivyo na zile chai na tembe za kupunguza tumbo zinazouzwa mjini na kwa simu. Nyingine ni dawa za kuharisha tu. Zinatoa maji na pesa, mafuta yanabaki pale pale.

NJIA INAYODUMU

Ili kujua kama njia ni nzuri, jiulize swali moja: "Je, naweza kula hivi mwaka ujao pia, pamoja na watoto wangu?" Kama jibu ni hapana, iache mapema.

Habari njema ni kwamba si lazima upungue sana. Mwaka 2002 yalitangazwa matokeo ya utafiti wa Marekani wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kupata ugonjwa wa sukari. Kundi moja lilifundishwa kubadili chakula kidogo kidogo na kufanya mazoezi kama ya kutembea dakika 150 kwa wiki. Walilenga kupunguza kilo 7 tu katika kila 100 za uzito. Kwa muda wa karibu miaka 3, hatari ya kupata ugonjwa huo ilipungua kwa asilimia 58. Kundi lililopewa tembe lilipunguza kwa asilimia 31.

Kwa mama wa kilo 80, kilo 4 hadi 6 tayari ni faida kwa presha na sukari. Akipunguza nusu kilo kwa wiki, hiyo ni kazi ya miezi 2 au 3. Sasa tuone hatua zenyewe.

1. Sahani. Ugali hatuachi. Tunajua mtu wa Bungoma asipokula ugali anasema hajala. Tunabadilisha vipimo tu. Nusu ya sahani iwe mboga: sukuma wiki, saga, managu, mrenda, kunde. Robo iwe ugali, viazi vitamu au githeri. Robo nyingine iwe maharagwe, omena, samaki, yai au kuku. Unga wa posho mill usiokobolewa, au uliochanganywa na wimbi na mtama, unashibisha kwa muda mrefu kuliko unga mweupe. Mahindi ni yetu wenyewe, kwa hiyo uamuzi wa kukoboa au kutokoboa ni wetu pia.

2. Sukari. Hebu tufanye hesabu. Vijiko 3 kwa kikombe, vikombe 4 kwa siku, ni vijiko 12. Kijiko kimoja ni kama gramu 4. Kwa mwezi hiyo ni karibu kilo moja na nusu ya sukari kwa mtu mmoja! Punguza kijiko kimoja wiki hii, na kingine baada ya wiki mbili. Ulimi utazoea. Pesa inayobaki, weka kwenye chama.

3. Mafuta. Usimimine kutoka kwa mtungi. Pima kwa kijiko. Mandazi na chapati ziwe chakula cha siku maalum. Asubuhi kula viazi vitamu, nduma au muhogo wa kuchemsha. Mhogo wa kukaanga si sawa na wa kuchemsha, kwa sababu mafuta ndiyo yanaongeza uzito haraka.

4. Kutembea. Wakati wa kupanda na kupalilia, shamba linatosha kuwa mazoezi. Shida ni baada ya kuvuna, Desemba hadi Februari, tunapokaa zaidi na kula zaidi. Miezi hiyo, tembea kwa haraka dakika 30, siku 5 kwa wiki. Kama soko liko karibu, wacha boda boda ipite.

5. Matanga, harusi na wageni. Hapa ndipo wengi huanguka. Kukataa chakula cha mwenyeji ni kumvunjia heshima. Basi pokea, lakini anza na mboga, na usiongeze mara ya pili. Sema, "Mama, nimeshiba, asante sana." Siku moja ya sherehe haiharibu kazi ya mwezi. Kinachoharibu ni kusema, "Basi nimeshakosea, wacha niache kabisa."

ANGALIENI SANA

- Mama mjamzito, anayenyonyesha, na watoto wasipunguzwe chakula. Waende kliniki washauriwe.
- Anayemeza dawa za sukari au kudungwa insulini asiruke chakula, wala asianze kufunga, hata kwa maombi, kabla hajaongea na daktari. Kufunga kwa imani ni jambo jema, lakini dawa iliyo tumboni haijui kama unafunga.
- Mtu wa namna hiyo akitetemeka, akitoka jasho au akiongea ovyo, mpe sukari, soda au chai tamu mara moja, kisha apelekwe hospitali. Akizimia, msimtie kitu mdomoni. Mpelekeni haraka.
- Mtu anayekonda bila kujaribu asifurahi, wala wenzake wasinong'one. Apimwe. Inaweza kuwa kifua kikuu, virusi vya ukimwi, au ugonjwa wa sukari wenyewe, na yote yana matibabu.

KAZI YA KIKUNDI

Mtu akijaribu peke yake huchoka. Katika kikundi anashikwa mkono. Hapa magharibi mwa Kenya mpango wa AMPATH, wenye makao Eldoret, umejaribu kuunganisha vikundi vya kuweka akiba na huduma za presha na sukari. Hata nyinyi mnaweza kuanza bila mradi wowote:

- Changeni mnunue mzani mmoja na tepu moja.
- Pimaneni mara moja kwa mwezi, si kila siku. Kila mtu aandike namba zake kwenye daftari lake mwenyewe. Zisisomwe mbele ya watu.
- Mwalikeni mhudumu wa afya wa kijiji. Mwaka 2023 wengi walipewa mikoba yenye mashine za kupima presha na sukari.
- Panda mboga za kienyeji karibu na jikoni, hata kwenye gunia, ili nusu ya sahani isikosekane wakati wa kiangazi.
- Kwenye mikutano yenu, chai iwekwe bila sukari na kila mtu ajipimie.

Yule mama wa Kitale sasa amerudi kwa njia hii ya pili. Mzee wake alilalamika mwanzoni, "Kwani siku hizi tunakula majani?" Siku hizi na yeye anaomba mrenda. Kwa miezi mitano mama amepunguza kilo 5. Hakuna aliyenong'ona, kwa sababu hakuna aliyegundua isipokuwa yeye na kliniki. Ugali anakula kila siku.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Ni njia gani za kupunguza mwili mmezisikia hapa kijijini? Je, mtu anaweza kuishi nazo mwaka mzima?
2. Kila mmoja ahesabu vijiko vya sukari anavyotumia kwa siku. Kwa mwezi hiyo ni kilo ngapi, na ni shilingi ngapi?
3. Nani katika kikundi anameza dawa za sukari? Je, wenzake wanajua la kufanya akitetemeka shambani?
4. Tuchague badiliko moja tu la mwezi huu. Ni lipi?

Mwezi ujao mwenyekiti aulize badiliko hilo limefika wapi. Likishika, ongezeni lingine. Haba na haba hujaza kibaba.