SIMU YA OFISI IJIREKEBISHE SAA NGAPI?



Somo letu la leo linahusu simu za mezani zinazotumia waya wa intaneti. Simu hizi utazikuta hospitali, benki na katika ofisi nyingi. Ukiitazama, utadhani ni simu ya kawaida tu. Kumbe ndani yake mna kompyuta ndogo.

Programu ya simu ni nini?

Kompyuta hiyo hufuata maagizo yaliyowekwa ndani ya simu na kiwanda. Maagizo hayo huitwa programu. Bila programu, simu hailii wala haipeleki sauti.

Wenye kiwanda wakigundua kasoro, huandika programu mpya na kuiweka kwenye intaneti. Simu ikipangiwa saa, huichukua yenyewe, huiweka ndani, kisha hujizima na kujiwasha. Kazi hiyo huchukua dakika kadhaa. Katika muda huo simu haipigi wala haipokei.

Je, kuna haja?

Wengine husema, "Simu inalia vizuri, ya nini kuisumbua?" Lakini kasoro haionekani kwa macho. Mwaka 2019 wataalamu wa kampuni ya McAfee ya Marekani walikuta kasoro katika simu za mezani za Avaya, aina ya 9600. Kasoro hiyo ilikuwa imekwisha kujulikana tangu mwaka 2009, lakini bado ilikuwamo ndani ya simu hizo. Mtu mwovu akiingia katika mtandao wa ofisi, angeweza kuitumia simu kusikiliza mazungumzo ya watu. Avaya walitoa programu mpya mwaka huo huo wa 2019. Simu isiyowekewa programu hiyo ilibaki na kasoro yake.

Tuchague saa gani?

Hebu fikiri juu ya kituo cha afya. Mama mjamzito ameshikwa na uchungu. Muuguzi anainua simu aite gari la wagonjwa. Lo! Simu ndiyo kwanza inajizima ili iweke programu mpya.

Basi, chagua saa ambayo simu haina kazi nyingi. Mara nyingi ni usiku wa manane. Na mahali penye kazi usiku na mchana, simu zote zisijirekebishe kwa pamoja. Zipangiwe saa tofauti, ili wakati wote iwepo moja ya kupigia.

Saa ya simu si kama yetu

Hapa ndipo watu hukosea. Sisi huhesabu saa za mchana tangu alfajiri, na za usiku tangu magharibi. Simu huhesabu tangu usiku wa manane, mpaka saa 24. Soma mifano hii:

Saa 8 usiku, simu huandika 02:00.
Saa 2 asubuhi, simu huandika 08:00.
Saa 8 mchana, simu huandika 14:00.
Saa 2 usiku, simu huandika 20:00.

Mtu akitaka saa 8 usiku, naye akaandika 08:00, simu itajizima saa 2 asubuhi, wagonjwa wamejaa barazani!

Tena, simu mpya huenda ikawa inafuata saa ya Greenwich, Uingereza. Saa za Afrika Mashariki ziko mbele kwa saa 3. Saa 02:00 ya Greenwich kwetu ni 05:00, yaani saa 11 alfajiri. Kwa hiyo, kabla ya kupanga lolote, linganisha saa iliyo kwenye kioo cha simu na saa ya ukutani.

Tahadhari ya umeme

Simu inapoweka programu mpya, usichomoe waya wake. Umeme ukikatika katikati ya kazi, simu nyingine haziwaki tena mpaka aje fundi. Chagua saa ambayo umeme wa kwenu haukatiki ovyo.

Zoezi

1. Kwa nini simu inayolia vizuri nayo huhitaji programu mpya?
2. Fundi ameandika 03:00. Kwetu ni saa ngapi?
3. Unataka simu ijirekebishe saa 7 usiku. Utaandika nini?
4. Kituo cha afya kina simu 2. Zote zimepangiwa 02:00. Mtamshauri nini mganga? Jadilianeni.

Majibu: (2) Saa 9 usiku. (3) 01:00.